Dorcas Hakuwemo Melini

Septemba 28. Nje ya bandari ya Brest

Mvua. Kamba zimelowa, matandiko yamelowa, hata biskuti zimelowa, na biskuti za manowari hazilowi hata ukizichovya kwenye chai. Hosea amenipa daftari hili. "Andika humo, mke wangu," kaniambia. "Yote unayotaka kusema kuhusu watu wa meli hii, liambie daftari. Masikio yangu yamechoka." Sikia maajabu! Mkuu wa mizinga, aliyeishi ubavuni mwa mizinga tangu ujana wake, halafu aliyemchosha masikio ni mimi.

Haya basi. Meli yetu, Perpetua, ina wanaume karibu mia sita na mwanamke mmoja, ndiye mimi. Kazi yetu ni kurandaranda mbele ya mlango wa Wafaransa ili manowari zao zisitoke kwenda kutuvamia kwetu. Wao wako ndani wanakunywa supu ya moto. Sisi tuko nje tunatapika.

Septemba 30

Jua kidogo! Manowari mwenzetu Anthea ilitusogelea, nikaona sketi nyekundu imeanikwa kwenye kamba zake za nyuma. Hiyo ni ya Dorcas, mke wa Amos Tredinnick, serahangi wa Anthea, bwana mkubwa wa kamba na matanga. Ukiona sketi nyekundu ujue Dorcas ana sukari na ana umbea. Nikaomba lifti kwenye mashua ya maji.

"Shoga, umekonda!" kanipokea. "Huyo mzee wako anakula posho yako?"

"Posho yangu ipi? Kwani mimi nimo kwenye vitabu vyao?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Wake wa wasimamizi ndivyo tulivyo. Kapteni anajifanya hatuoni, mgawa chakula hatupimii hata punje, tunakula nusu ya sahani ya mume. Lakini akiumia mtu, utasikia, "Yuko wapi mama Nancarrow aje ashike taa?" Dorcas anawalisha kuku wa kapteni wake kila asubuhi, na kapteni huyo hajawahi kumwita kwa jina.

Oktoba 3

Mvua.

Oktoba 5

Mvua. Hosea anasema nimekuwa mkali. Nimemwambia anikaushie soksi kwanza.

Oktoba 9

Leo nimeshika mguu wa mtu ambao haukuwa na mtu.

Alfajiri mlinzi alipiga kelele juu ya mlingoti: Mfaransa ametoka. Meli nzima ikawa mbio. Wakang'oa kuta za vyumba kupisha mizinga, wakamwaga mchanga sitahani ili watu wasiteleze kwenye damu, na mimi nikateremka chini kabisa kwa daktari. Kila mzinga ulikuwa na tufe lake la chuma tayari, kama kawaida yetu huku. Kapteni Lysaght akaamuru ubavu wa kulia waongeze tufe la pili, maana alitaka kumpiga Mfaransa kwa karibu, ubavu kwa ubavu.

Mfaransa hakukubali. Alipotuona tunamkimbilia aligeuza, akatupiga mara chache kwa mizinga yake ya nyuma, kisha ukungu ukamfunika. Sisi hatukufyatua hata mmoja. Ila tufe lake moja liliingia kwenye tundu la Mama Mkwe. Huo ni mzinga. Mabaharia waliupa jina hilo kwa sababu ukinguruma kila mtu anainama. Likamkata Jago Uren mguu juu ya goti. Jago ndiye mtiaji wa matufe wa mzinga huo. Nilimshika Jago mabega wakati daktari anamalizia kwa msumeno. Hakulia. Alikuwa ananiangalia tu usoni, kama mtu anayetaka kukumbuka amesahau nini.

Hosea alinifuata baadaye akaninawisha mikono yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Mwanaume mwema huyu. Namsema sana, lakini ni mwema.

Oktoba 14

Jago ana homa. Anaongea maneno yasiyoeleweka.

Oktoba 17

Upepo umechachamaa kutoka magharibi. Hatuwezi kukaa hapa tena.

Oktoba 20. Ghuba ya Torbay

Tumekimbilia kwetu! Meli zote zimetia nanga Torbay, na upepo huu huu uliotufukuza unamzuia Mfaransa asitoke. Siagi! Vitunguu! Maziwa ambayo hayajatoka kwa mbuzi mgonjwa! Kapteni Lysaght kaniletea ndimu mbili kwa mkono wake, eti kwa ajili ya kumuuguza Jago. Mtu wa heshima sana. Anthea imetia nanga upande wetu wa kulia, karibu kiasi kwamba Dorcas akipiga chafya nasema pole.

Oktoba 23

Nimekwenda kwa Dorcas. Tumekula keki ya zabibu yote, hatukuwaachia waume.

Oktoba 25

Sijui nianzie wapi. Wino umemwagikia aproni, na sijali.

Leo ni siku Mfalme alipokalia kiti cha enzi. Kila mwaka siku hii meli zote hupiga mizinga ya heshima, baruti tupu, bila tufe. Mizinga iliyokaa na matufe wiki mbili hutolewa matufe kwanza. Kisha mkuu wa mizinga hupita na fimbo yenye alama, anaitumbukiza ndani ya kila mzinga. Alama ikizama mpaka mahali pake, mzinga mtupu. Ikibaki nje, kuna kitu. Asubuhi Hosea alipita kwenye mizinga, akarudi mapema kunywa chai, akamwambia kapteni mbele yangu, "Tayari, afande. Matufe yote yametoka."

Saa saba tukapanda juu na nguo za Jumapili. Hosea hapimi muda kwa saa. Kati ya mzinga na mzinga ana sentensi yake anayoinong'ona mara tatu: "Thirza ana maneno mengi, Thirza ana maneno mengi, Thirza ana maneno mengi, moto!" Meli nzima inaijua na wote wananicheka. Leo nilicheka nao. Kule Anthea nilimwona Dorcas amesimama kando ya tundu la kuku, amejiziba masikio kwa vidole, ananitolea ulimi.

Thirza ana maneno mengi. Moto. Thirza ana maneno mengi. Moto.

Mzinga wa heshima haurudi nyuma, kwa kuwa hauna kitu cha kusukuma. Hata mimi nalijua hilo. Mama Mkwe alipowashwa aliruka nyuma mpaka kamba zake zikalia. Nikaona uso wa Hosea. Ulikuwa mweupe kabla hata moshi haujapungua.

Nikageuka kuangalia Anthea. Ukingo ulikuwa na pengo. Manyoya ya kuku yalikuwa yanaelea hewani taratibu, mengi, meupe. Dorcas hakuwepo pale aliposimama. Nikadhani amechutama. Mungu wangu, nilisimama pale nikimngoja ainuke! Halafu nikamwona Amos anakuja mbio kutoka omo, mbele ya meli, akafika, akasimama ghafla, akavua koti lake akalitandaza chini, na nilipoona jinsi lilivyotosha kufunika vyote vilivyobaki, nikaelewa.

Nilipiga ukelele. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu luteni alikuwa anapiga ukelele mkubwa zaidi: "Endelea, Bwana Nancarrow! Mizinga ya Mfalme haikatwi katikati!"

Na Hosea akaendelea. Nimeandika na narudia kuandika, maana siamini. Aliendelea. "Thirza ana maneno mengi," alinong'ona, machozi yanamtoka, mara tatu, kila mara, mpaka mzinga wa mwisho.

Oktoba 26

Kapteni Lysaght alituita chumbani kwake sisi wawili. Akanivutia kiti. Akanimiminia mvinyo.

"Jambo la jana ni baya," akasema kwa upole. "Tufe limevunja ukingo wa Anthea, pipa la maji na tundu la kuku. Kapteni mwenzangu ameniletea taarifa. Kwa bahati njema watu wake wote wamehesabiwa, hakuna aliyepungua."

"Na Dorcas je?" nikauliza.

"Nani?"

Nilidhani hakunisikia. "Dorcas, afande. Mke wa serahangi. Amekufa. Nimemwona kwa macho yangu."

"Bibi Nancarrow, kanuni za jeshi haziruhusu mwanamke kuishi melini. Kwa hiyo hakuwemo. Na mtu ambaye hakuwemo hawezi kufia humo." Alikuwa ananiangalia kwa huruma, yule yule wa ndimu mbili. "Tufe lililopotea ni karipio tu. Lakini tufe lililoua mtu ni mahakama ya kijeshi, na mkuu wa mizinga aliyesema mizinga mitupu wakati si mitupu anaweza kunyongwa. Nadhani unanielewa."

Nikamgeukia Hosea nikingoja aseme neno.

"Ndiyo, afande," akasema Hosea. "Hakuwemo."

Chumbani kwetu nilimvaa. "Umesemaje pale?"

"Thirza, mama, ni shingo yangu hii."

"Umekula keki yake kila mwezi! Aliponiuguza mwaka juzi ulimbusu mikono!"

"Tukisema alikuwemo atafufuka?"

"Na mimi je, Hosea? Mimi nimo?"

Alikaa juu ya sanduku akijiangalia mikono. Ndoa yetu ni ya miaka mingi, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwogopa mume wangu, na hata hakunyanyua sauti.

Oktoba 27

Amos amemzika Brixham, mji wa hapa ufukoni. Alilazimishwa amwambie mchungaji kwamba mkewe aliteleza kwenye ngazi za gati. Alikuja na mashua ndogo, mlinzi akamkatalia kupanda, basi akazunguka mpaka chini ya dirisha letu, tukaongea kupitia tundu la mzinga.

"Dada Thirza. Uliona?"

"Niliona, shemeji."

"Watu wangu wote wameamriwa wanyamaze. Wakisema watachapwa. Wewe hawawezi kukuchapa, huna jina kwao." Macho yake yalikuwa yamevimba. "Naenda kwa Admirali. Najua ninachokuomba. Najua ni shingo ya nani. Sitakulaumu ukikataa."

Nikamwambia nitafikiri. Nitafikiri! Nilisema hivyo kwa mtu ambaye mkewe walimzika na uongo.

Oktoba 28

Hosea hali. Mimi sili. Hatuongei.

Oktoba 29

Homa ya Jago imeshuka. Alipofungua macho aliniuliza mizinga ilikuwa ya nini. Nikamweleza yote, sikuweza kujizuia. Akanishika aproni.

"Mama, nilishatia la pili," akasema. "Siku ile ya Mfaransa. Nilishatia la pili, ndiyo kwanza nikapigwa."

Nikamwita Silas, kiongozi wa mzinga ule. Akaja, kofia mkononi. Silas aliapa kwamba Jago alianguka kabla ya kutia tufe la pili. Hivyo ndivyo alivyoona katika moshi na kelele zile. Kwa hiyo siku ya sherehe walitoa tufe moja wakajua wamemaliza. Lile la kwanza lilibaki ndani, nyuma, limekaa juu ya baruti.

"Lakini fimbo ingeonyesha," nikasema. "Hosea alipitisha fimbo."

Silas akatazama chini.

"Silas. Hosea alipitisha fimbo?"

"Alipima ule wa mwanzo, mama. Kisha kulikuwa na baridi. Tukamwambia mingine mitupu. Akasema, 'Silas, neno lako linanitosha.' Ni kutuamini tu, mama. Mzee anatuamini."

Chai. Alirudi kunywa chai, na mimi ndiye niliyemmiminia nikimsifu jinsi alivyomaliza mapema.

Novemba 1

Admirali amekubali kuitisha mahakama. Kapteni Lysaght hanisalimu tena.

Novemba 4

Hosea ameongea. Ilikuwa mchana, tumekaa tunamenya vitunguu.

"Utakwenda kusema?"

"Sijui."

"Silas atasema nilipima yote. Amejitolea."

"Unataka aseme hivyo?"

Akamenya kitunguu mpaka kikaisha mkononi. "Nataka kuishi, Thirza. Ni dhambi?"

Nikamwambia si dhambi. Na kweli si dhambi. Nampenda, mjinga huyu. Nikifumba macho naona kamba shingoni mwake, nikifumbua naona manyoya ya kuku. Niambieni basi nitazame wapi!

Novemba 6

Naanza na mwisho ili mkono utulie. Hosea hatanyongwa. Amevuliwa cheo, hatapanda tena meli ya Mfalme, na anakwenda jela miaka miwili. Mimi nimeambiwa nishuke kesho na sanduku langu. Sasa niseme ilivyokuwa.

Makapteni walikaa kwenye meza ndefu ya meli ya Admirali, kofia kichwani, panga kiunoni. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Kapteni wa Anthea alisoma alivyovipoteza: ukingo wa mbao, pipa moja, kuku. Walimuuliza kuku walikuwa wangapi! Walibishana kuhusu kuku! Nilihisi kucheka na kutapika kwa pamoja.

Wakaniita. Nikasimama mbele ya meza.

"Jina?"

"Thirza Nancarrow."

Karani aliyekaa pembeni ya mwenyekiti aliinua kichwa. "Wa meli gani?"

"Perpetua, bwana."

Akafunua vitabu vyake, akapitisha kidole, akafunga. "Hayumo, Mheshimiwa."

"Basi asikilizwe kwa hisani," mwenyekiti akasema, "lakini isiandikwe."

Karani akaweka kalamu mezani.

Mnajua ilivyo kuongea huku unaangalia kalamu imelala? Niliongea hivyo hivyo. Nikasema Dorcas alikaa Anthea tangu meli ilipotoka Plymouth. Alishona mashati ya nusu ya watu wake. Alishika vichwa vyao walipokufa. Alikuwa amesimama kando ya tundu la kuku akinitolea ulimi, na tufe la meli yetu likampata. Mwenyekiti alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Kapteni mmoja alikuwa anapiga miayo. Sikusema neno kuhusu fimbo. Nilifika pale mdomo ukakataa, Mungu ananiona. Nikanyamaza, nikamtazama Hosea mara moja tu.

"Asante, bibi," akasema mwenyekiti. "Mahakama inaona hakuna ushahidi wa kifo chochote."

Hapo kiti kikagonga sakafu. Hosea alikuwa amesimama.

"Mimi nimo," akasema.

"Kaa chini, Bwana Nancarrow. Mambo yanakwenda vizuri kwako."

"Mimi nimo vitabuni, Mheshimiwa. Mkuu wa mizinga wa Perpetua. Ninachosema mimi kinaandikwa, siyo?" Sauti yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto. "Mke wangu amesema kweli. Mama yule alikuwemo melini. Sikupima Mama Mkwe. Nilipima mzinga mmoja tu, nikaona baridi, nikaenda kunywa chai. Silas akisema nilipima, anasema uongo kwa kunipenda. Nimemuua mimi. Na nilipojua nimemuua niliendelea kupiga mizinga."

Kapteni Lysaght alikuwa anamtazama Hosea mdomo wazi, kana kwamba meza imeongea.

Mwenyekiti akamwonyesha karani kidole. "Andika."

Karani akachukua kalamu, akachovya. "Jina kamili la marehemu?"

Hosea akafungua mdomo. Miaka yote ile alimwita shemeji, mama, mke wa Amos. Akanigeukia, amechanganyikiwa, uso umelowa.

"Thirza," akasema, "niambie jina lake lote."

"Dorcas Vivian Tredinnick," nikasema. "Kwao Mousehole."

"Dorcas Vivian Tredinnick, kwao Mousehole," Hosea akarudia kwa sauti kubwa, na kalamu ikakwaruza karatasi.

"Umri?" akauliza karani.

Hilo mimi sikulijua. Amos, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na kofia yake kifuani, akajibu mwenyewe.

"Thelathini na moja, Mheshimiwa. Alikuwa atimize thelathini na mbili Krismasi."

Karani akaandika na hilo pia.